Trauti huko juu wapo, kwangu hawapo: tatizo ni nini?

Mkulima wa Bondeni
Ndugu wanajukwaa, nina shamba kando ya Mto Gura, mbali kidogo chini ya msitu wa Aberdare. Huko juu watu huvua trauti, lakini kwangu sijamwona hata mmoja, ingawa maji ni yale yale. Je, nikichimba bwawa na kulijaza maji ya mto huu, wataishi?

Mvuvi Mstaafu
Ndugu yangu, maji si yale yale. Trauti ni samaki mgeni kwetu Kenya: wale wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika huo huo mto wako, na wale wa upinde wa mvua, ambao kwao ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, wakafuata miaka michache baadaye. Walistawi milimani kwa sababu walikuta baridi waliyoizoea, yaani nyuzi 10 hadi 16 hivi za Selsiasi. Maji yakikaribia nyuzi 25 hufa, kwa kuwa kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoishiwa na oksijeni, na hapo ndipo samaki anapoihitaji zaidi. Bwawa lililotuama juani litawaua mapema kuliko mto. Trauti hutaka maji yanayoingia na kutoka mchana na usiku.

Binti wa Kiganjo
Mzee amesema kweli, ila baridi peke yake haitoshi. Jike hufukua changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafunika mayai, nayo hukaa humo takriban mwezi mzima maji yakiwa na nyuzi 10. Muda wote huo lazima maji safi yapenye kati ya vijiwe. Sisi tunaolima hadi ukingoni (nami nimo) huteremsha udongo unaoziba nafasi hizo, na mayai hukosa hewa. Inua jiwe mtoni: ukikuta mabuu ya wadudu yameling'ang'ania, chakula kipo.

Mkulima wa Bondeni
Nashukuru. Nimepima leo saa tisa alasiri nikapata nyuzi 21, na jiwe nililoliinua lilikuwa na tope tupu.

Mvuvi Mstaafu
Basi fuga perege, samaki apendaye maji ya joto zaidi, ingawa kwa maji hayo atakua polepole.