Digrii ya usimamizi wa hoteli kwa mkopo: mshahara wa kuanzia utalibeba deni?

Mlezi
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mdogo wangu amepata nafasi ya digrii ya usimamizi wa hoteli, miaka minne. Chuo hichohicho kina diploma ya miaka miwili. Atakopa karibu ada yote na mimi ndiye natakiwa kusaini udhamini. Riba ni 8% kwa mwaka, inaanza kuhesabiwa siku pesa inapotoka, na marejesho ni miaka 10 baada ya kumaliza. Kipeperushi cha chuo kimejaa mishahara ya mameneja wakuu. Deni la kiasi gani linabebeka kwa kazi hizi? Na digrii inazidi diploma kiasi cha kustahili deni la ziada?

Mpiga Hesabu
Kipeperushi kiweke kando. Meneja mkuu ni mmoja kwa hoteli nzima, na kiti chake hakikaliwi na mhitimu wa mwaka jana. Mshahara wa kupigia hesabu ni wa mwaka wa kwanza kazini: mapokezi, msimamizi msaidizi wa mgahawa, msimamizi wa vyumba, au meneja mwanafunzi. Piga simu hoteli tatu au nne za hadhi tofauti, uliza nafasi hizo zinaanzia ngapi.

Sasa deni. Tuseme anakopa 100, akichukua 25 mwanzoni mwa kila mwaka. Kwa riba ya 8% inayoongezwa kwenye deni kila mwaka, siku ya mahafali hadaiwi 100, anadaiwa karibu 122. Akilipa kwa miaka 10, rejesho ni 1.48 kwa mwezi na jumla inafika 177. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mkataba unaandika kiasi kilichokopwa, na kilichoota juu yake kinaonekana kwenye taarifa ya kwanza ya marejesho.

Mkiweza kulipa riba tu wakati anasoma (2 mwaka wa kwanza, kisha 4, 6 na 8), anaanza na 100 kamili. Rejesho linashuka hadi 1.21, na jumla ya yote ni karibu 166. Ila ulizeni kwanza kama mkopeshaji anaruhusu malipo hayo bila faini.

Kuhusu kiasi kinachobebeka, kanuni inayozunguka ni kwamba deni lisizidi mshahara wa mwaka mmoja. Ijaribu: deni la mishahara ya miezi 12, kwa riba ya 8% na marejesho ya miaka 10, linakula 14.6% ya mshahara kabla ya makato, kila mwezi. Kwa mshahara wa kuanzia wa hotelini huo ni mzigo. Mimi ningeweka dari ya 10%. Kwa dari hiyo, deni la siku ya kumaliza lisizidi:

riba 5%: mishahara ya miezi 9.4
riba 8%: miezi 8.2
riba 12%: miezi 7

Na kwa kuwa deni lenu litakuwa limeota hadi 122, gawanya 8.2 kwa 1.22. Pesa anayochukua kweli isizidi mishahara ya miezi 6.7. Ada ya miaka minne ikipita hapo peke yake, kabla ya chumba na chakula, usisaini kwa masharti hayo.

Kaunta
Naongeza kwenye hiyo "mishahara ya miezi 6.7": mshahara upi? Hati ya malipo ya hoteli ina mistari kadhaa na si yote ya kutegemea.

Mshahara wa msingi ndio ulio kwenye mkataba. Chini yake unaweza kukuta mgao wa tozo ya huduma, yaani ile asilimia inayoongezwa kwenye bili ya mgeni na kugawiwa wafanyakazi. Mgao huo hupanda na kushuka na idadi ya vyumba vilivyouzwa. Bakshishi mara nyingi haionekani kabisa kwenye hati, na ipo zaidi mgahawani na kwa wabeba mizigo kuliko ofisini. Ndiyo maana anayepandishwa kutoka uhudumu kwenda usimamizi mdogo anaweza kujikuta anapokea pungufu, maana amehama kutoka kwenye bakshishi. Chakula cha zamu na sare vinapunguza matumizi, lakini huwezi kumlipa mkopeshaji kwa sahani ya wali.

Kwa hiyo hesabu ya deni ifanywe kwa mshahara wa msingi tu. Ukipata nafasi ya kuona hati ya malipo, omba ya mwezi wenye wageni wachache. Uliza pia kama msimu huo watu hupelekwa likizo bila malipo, kwa sababu rejesho halina msimu. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, hoteli nyingi duniani zilifungwa na waliotegemea tozo na bakshishi ndio waliotangulia kuumia.

Jambo jingine dogo linalosahaulika: zamu iliyokatwa katikati (masaa manne asubuhi, manne mengine jioni) inaua wazo la kibarua cha pembeni. Na zamu inayoisha usiku wa manane bila usafiri wa kazini inaongeza nauli.

Mlezi
Asanteni sana. Kwa hiyo diploma?

Mpiga Hesabu
Inategemea anaelekea idara gani. Jikoni, vyumbani, mgahawani na mapokezi, mtu hupanda kwa ustadi na miaka. Digrii inaonekana zaidi kwenye upangaji wa bei za vyumba na usimamizi wa mapato, uhasibu, mauzo na mikataba ya makundi, rasilimali watu, na ofisi kuu za makampuni ya hoteli. Pia baadhi ya nchi huidai kwenye kibali cha kazi.

Mfano wa kupimia. Mwenye diploma anaanza kazi kwa 100 kwa mwezi. Mwenye digrii anasoma miaka miwili zaidi: anakosa 2,400 ya mshahara, na tuseme analipa ada ya 1,000. Pengo ni 3,400. Akianza kwa 125, anapata ziada ya 25 kwa mwezi, hivyo anahitaji miezi 136, yaani zaidi ya miaka 11, kulifukia, na riba bado sijaigusa. Hapo nimemfanya mwenye diploma abaki palepale, wakati kwa kweli ana miaka miwili ya kazi na huenda tayari ni msimamizi wa zamu.

Kwa mtu anayekopa karibu yote, ningeshauri diploma, kazi, kisha amalizie digrii akiwa analipwa. Lakini kuna mtego: "diploma yetu inaendelea hadi digrii" ni maneno ya mlangoni. Apate barua inayosema ni krediti ngapi (alama za masomo aliyokwisha kufaulu) zitahamishwa, ataingia mwaka wa ngapi, na barua hiyo inadumu kwa muda gani. Akirudishwa mwaka wa kwanza, mpango wote umevunjika.

Mlezi
Amesikia pia kuhusu meli za kitalii, kwamba deni linaisha haraka.

Nahodha wa Nchi Kavu
Linaweza, kwa kuwa malazi na chakula ni vya meli na mshahara unabaki. Ila mkataba ni wa miezi, na kati ya mkataba na mkataba mara nyingi hakuna malipo huku rejesho linadaiwa. Agawe kipato cha mkataba kwa miezi 12 ndipo aone mshahara halisi.

Na wakala asimtoze ada ya kumtafutia kazi. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006, unaowahusu hata wahudumu wa vyumba melini, unakataza hilo. Anachoweza kubeba mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Wakala anayeomba "pesa ya kushikilia nafasi", achana naye.

Kaunta
Mlezi, kuhusu saini yako. Mdhamini hudaiwa deni lote, si nusu. Kabla hujasaini soma vipengele hivi: kama riba inapigwa juu ya salio (deni lililobaki) au juu ya mkopo wa mwanzo, kama kuna kusimamishwa kwa marejesho akikosa kazi, na riba inaendelea au la, na kama udhamini wako unaweza kufutwa baada ya marejesho kadhaa ya wakati.

Hicho cha kwanza usikipite haraka. Mkopo wa 100 kwa miaka 4, riba 10% juu ya mkopo wa mwanzo, unalipwa 2.92 kwa mwezi, jumla 140. Kwa riba hiyohiyo juu ya salio ni 2.54, jumla karibu 122. Ule wa kwanza, ukiupima kwa salio, riba yake inakaribia 17.6%. Wakikuambia ni "10% tu", waombe jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi na ujumlishe safu ya mwisho mwenyewe.