Mwanga hauna masi, unawezaje kusokota kitu?

Mwl_KidatoCha6
Wanajamvi, naomba msaada. Jumatano nilimkalisha mwanafunzi kwenye kiti cha kuzunguka nilichoazima kwa karani, nikampa gurudumu la baiskeli linalozunguka, kashika ekseli yake wima kwa mikono miwili. Alipolipindua juu chini, kiti kikaanza kuzunguka chenyewe na yeye juu yake. Darasa zima likasimama. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: mwanga nao unabeba momenta ya mzunguko? Nikamwambia momenta hiyo ni mvr (masi × mwendo × umbali kutoka katikati), na mwanga hauna masi, kwa hiyo haubebi. Usiku nikaanza kusoma, nikaona nimempotosha. Jumatatu nataka nimrudie na maelezo ya kueleweka. Na mawimbi ya mvutano, ile mitikisiko ya nafasi na wakati inayotoka kwa mashimo meusi, je?

leza_na_lenzi
Shikamoo mwalimu. Jibu unalo tayari, lipo kwenye kile kiti.

Uga wa umeme wa mwanga unaweza kuzunguka huku ukisonga mbele, kama parafujo inavyoingia kwenye mbao. Mwanga wa namna hiyo, uwe mwekundu au wa buluu, kila fotoni yake (chembe ya mwanga) inabeba ħ moja, kipimo kidogo kabisa cha momenta ya mzunguko kwenye fizikia ya kwanta. Mwanafizikia Poynting alilikisia hilo 1909. Mwenzake Richard Beth akalipima Marekani, 1936. Alining'iniza kisahani cha kwatzi kwa uzi mwembamba ndani ya ombwe, akapitisha mwanga. Kisahani kile kinageuza mwanga unaozunguka kulia uzunguke kushoto. Sasa mkumbuke mwanafunzi wako: gurudumu lilipopinduliwa, kiti ndicho kilicholipa tofauti, mara mbili ya momenta ya gurudumu. Kisahani cha Beth ni kile kiti. Kila fotoni ikipinduka, chenyewe kinapokea ħ mbili, na uzi unajisokota.

Ni kidogo mno. Wati 1 ya mwanga wa nanomita 600, ikifyonzwa yote, inasokota kwa takriban 3 × 10⁻¹⁶ nyutoni-mita. Lakini kitu kikiwa kidogo, inatosha. Nimewahi kushika punje ya kalsaiti kwa leza chini ya hadubini, punje ndogo kuliko chembe ya unga. Ilikuwa inazunguka, hivyo inapepesa: giza, mwanga, giza. Nikazungusha taratibu kisahani kilicho kwenye njia ya leza, punje ikapunguza mwendo, ikasimama, halafu ikaanza kuzunguka upande wa pili. Nilirudia mpaka saa mbili usiku, sikuchoka kuitazama.

(Ipo na aina ya pili, mwale uliojipinda kama ngazi ya kuzunguka, katikati giza. Allen na wenzake waliieleza Leiden 1992. Hiyo mwachie muhula ujao.)

nyota_za_kusini
Mawimbi ya mvutano yanabeba, tena kwa wingi. Mashimo mawili yakizungukana angani, momenta inayopungua kwenye mzunguko wao imeondoka na mawimbi. Tukio la 14 Septemba 2015, mawimbi haya yaliponaswa kwa mara ya kwanza, lilikuwa na mashimo ya masi 36 na 29 za Jua. Likabaki moja la 62 hivi, na zile 3 ziliondoka kama nishati. Kabla ya hapo tulikuwa na jozi ya nyota za nyutroni waliyoigundua Hulse na Taylor 1974. Nyota zake zinazungukana kwa saa 7 na dakika 45, na muda huo unapungua takriban mikrosekunde 76 kila mwaka.

Mwl_KidatoCha6
Marahaba, na asanteni sana. Kiti nimekielewa kabisa. Ila nasoma kwamba spini, yaani momenta ya mzunguko ya kila chembe kwa hesabu ya ħ, kwa mwanga ni 1 na kwa mawimbi ya mvutano ni 2. Hiyo 2 inatoka wapi? Najua binti ataiuliza.

nyota_za_kusini
Mwalimu, chora ubaoni mashimo mawili yenye masi sawa, kisha uzungushe mchoro nusu duara. Ni mchoro ule ule. Kwa hiyo mzunguko mmoja unatoa mawimbi mawili. Njia yao ikiwa duara, gawa momenta inayotoka kwa nishati inayotoka: unapata 1/ω ya mashimo (ω ni kasi ya kuzunguka), ambayo ni 2/ω ya wimbi. Kwa mwanga wa kuzunguka ni 1/ω ya wimbi. Mwaka 2015, wimbi lilipofika mara 150 kwa sekunde, mashimo yenyewe yalikuwa yanazungukana mara 75.