Naomba ushauri: neno la dharau kwenye riwaya nilifasiri vipi kwa watoto?

Ndugu zangu, habari zenu, na shikamooni mlionitangulia.

Kila Jumamosi nawasomea watoto wa darasa la sita na la saba riwaya ya Mildred D. Taylor, Roll of Thunder, Hear My Cry, ya mwaka 1976. Nasoma kipande, kisha nawasimulia kwa Kiswahili. Tumekwama sura ya kwanza tu.

Ni Mississippi, Marekani, 1933. Little Man, mtoto wa miaka sita anayependa usafi kupita kiasi, anapewa kitabu cha shule kichakavu. Ndani ya jalada kuna jedwali: kimepita kwa wanafunzi wazungu mwaka hadi mwaka, na kilipochakaa kabisa, mstari wa 12, ndipo wanapewa watoto weusi kama yeye, wameandikwa "nigra", neno la dharau kwa watu weusi. Anakitupa chini na kukikanyagakanyaga.

Nilifasiri "mweusi". Binti mmoja akauliza, "Sasa amekasirika nini, mwalimu? Si kweli ni mweusi?" Sikuwa na jibu, maana kwetu neno hilo si tusi. Nikaliacha lilivyo, wakacheka mlio wake. Iliniuma sana.

Je, mngelifasiri vipi ili dharau isipotee? Na nilisome kwa sauti, au niliandike ubaoni mara moja, nilieleze, nilifute?

Jumamosi hii tunafika pale mama yake Little Man, ambaye ni mwalimu, anapobandika karatasi juu ya majedwali yale. Nataka wajue anafunika nini.