Naomba ushauri: Agent Carter imeniacha njia panda

Wakuu habari za jioni, msaada wenu tafadhali. Jamaa wa muvi hapa Mwananyamala aliniwekea kwenye flashi ile tamthilia ya Marvel, Agent Carter, sizoni zote 2, nimemaliza jana usiku na usingizi sikupata. Mwishoni kabisa Thompson, bosi wa Peggy Carter (yule jasusi steringi), yuko hotelini anapaki begi, anafungua mlango anapigwa risasi ya kifua, muuaji anachukua faili la Peggy anasepa zake, halafu basi! Kumbe waliikata 2016. Jamaa nilipomuuliza kanijibu kavu tu, "hiyo ndo imeisha bosi".

Nimejaribu muvi ya Avengers: Endgame, nikamwona Jarvis, msaidizi wa Peggy wa mle mle, akiwa dereva wa Howard Stark, nikafurahi ila haijanisaidia kitu. Nikaruka mpaka sizoni ya 7 ya Agents of S.H.I.E.L.D. nikamkuta Sousa, mpelelezi mwenzake Peggy, ila ishu ya risasi bado giza.

Sasa wadau, kuna sehemu yoyote watunzi wamesema nani alimpiga Thompson? Na pili, jamaa ananishawishi nianze Legends of Tomorrow, sizoni 7, nayo nasikia ilikatwa 2022 timu nzima ya mashujaa wa mle ikiwa imetiwa mbaroni. Nianze au nitaumia tena?