Hatua ya pili ya roketi irudi vipi: vigae au chuma kinachopozwa?

Msimbati_Gesi:
Wakuu, kurudisha hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini ya roketi, kumeshawezekana. Ya Falcon 9, roketi ya SpaceX, inatua tangu Desemba 2015. Kinachotupwa bado ni hatua ya pili, ile ya juu, kwa kuwa ikirudi inaingia kwenye hewa ya dunia kwa karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Nalinganisha vigae vya kukinga joto vya Starship, roketi kubwa ya SpaceX, na chuma kinachopozwa cha Stoke Space, kampuni changa ya Kent, jimbo la Washington, iliyoanza 2019. Hatua zao za kwanza zote zinachoma methani, hii hii tunayoichimba hapa Mnazi Bay. Mngechagua ipi?

Fundi wa Mikindani:
Vigae havihitaji pampu, hiyo ni faida kubwa. Shida ni wingi: Starship inabeba kama 18,000. Kati ya kigae na kigae lazima uache upenyo, maana oksijeni ya nyuzi −183 ikijaa tangini, chuma cha pua kinasinyaa kuliko kigae. Upenyo ukiwa mwembamba, vigae vinabanana na kupasuka. Ukiwa mpana, gesi ya moto inapenya hadi kwenye chuma. Na kila safari ikiisha, unakagua kimoja kimoja.

Lindi_Anga:
Stoke wanapitisha hidrojeni ya nyuzi −253 kwenye mifereji myembamba ndani ya kitako cha chuma. Inafyonza joto na kutoka ikiwa gesi. Vinywa vya injini vimepangwa duara pembezoni mwa kitako hichohicho. Lakini hidrojeni ina kilo 71 tu kwa mita ya ujazo, methani kama 420, kwa hiyo tangi linakuwa kubwa, na inavuja hata kwenye kiungio kilichokazwa vizuri. Mtiririko ukikatika, kitako kinaweza kuyeyuka. Jaribio lao la Septemba 2023 lilipaa futi 30 tu. Joto la kurudi kutoka obiti, njia ya kuizunguka dunia, halikuguswa kabisa.

Fundi wa Mikindani:
Kaka, angalia umbo. Starship inaingia kwa tumbo, kwa hiyo ubavu wote unahitaji kinga. SpaceX wenyewe walitangaza mapema 2019 kuupoza ubavu huo kwa kimiminika, wakaacha, wakarudi kwenye vigae. Ya Stoke inatanguliza kitako, eneo dogo. Kilo moja ya mabomba kwenye hatua ya pili inaondoa kilo nzima ya mzigo! Kwa roketi ya kubeba mzigo wa tani 3 nachagua chuma. Kwa tani 100, vigae.

Msimbati_Gesi:
Nakubali. Kuhusu methani, gesi iliyosafishwa kwenye kiwanda cha Madimba kwa ajili ya bomba la Dar haitoshi kwa roketi. Toa hewa ukaa kwa amini, kemikali inayoifyonza, kausha maji kabisa, ndipo uipoze hadi −162. Ukiruka hapo, barafu inaziba vichujio na matundu ya sindano za injini. Ondoa pia ethani na propani, zinabadilisha uzito wa kimiminika na kuvuruga uwiano na oksijeni. Salfa usiiache hata chembe, inakula shaba ya chumba cha mwako.