Tupeane uzoefu: Uliyeweka SSD na kutibu joto kwenye laptopu ya zamani, ilikuwaje?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za leo. Naanza na yangu.

Nina ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, niliinunua mtumba. Ilikuwa na diski ngumu (hard disk) ya 320GB. Ukiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi bado inajikusanya. Nikaweka SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya 480GB yenye unene wa milimita 7, aina ya SATA (njia ya kuunganisha ileile ya diski ya zamani). Kazi ilikuwa skrubu moja ya kifuniko na dakika kumi. Sasa inawaka kwa sekunde ishirini hivi.

Ila joto lilibaki palepale! Nilidhani diski mpya ingemaliza yote, kumbe ni maradhi mawili tofauti. Kwenye kikao cha video prosesa ilifika nyuzi 97, kisha inajipunguza kasi yenyewe na picha inaanza kukwama. Nikatoa kibodi na fremu yake hadi kuifikia feni. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya kutolea joto kulikuwa na vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye chuma cha kupoozea, imekauka, inapukutika. Nikafuta kwa spiriti, nikapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kikao kilekile sasa hakivuki 80.

Tahadhari: chomoa betri kabla ya kugusa chochote, na ukipuliza vumbi shikilia feni isizunguke.

Nanyi leteni yenu.

Mwalimu wa Dom
Mkuu umenigusa. Huku Dodoma vumbi ni la mwaka mzima, nasafisha kila baada ya miezi sita. Tena niliacha kuiweka kitandani, maana godoro linaziba matundu ya chini ya kuvutia hewa. Kipande cha ubao chini yake kilinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Diski ngumu ya zamani sikuitupa, niliihamishia kwenye nafasi ya DVD kwa kisanduku chake maalumu. Pimeni kwanza, vipo vya milimita 9.5 na 12.7. Mimi niliagiza kinene, kikagoma kuingia, nikalipia nauli ya basi mara mbili.

Msomaji wa Nairobi
Yangu ilikuwa na nafasi ya M.2 (ya SSD nyembamba kama kipande cha kadi), nikanunua NVMe, aina ya SSD yenye kasi kuliko SATA, kwa furaha. Ikaingia vizuri kabisa, lakini BIOS, programu inayoiwasha laptopu, haikuiona. Kumbe nafasi ile ilikuwa ya SATA pekee, umbo ni moja, lugha ni mbili. Someni kitabu cha huduma cha modeli yenu kabla hamjatoa pesa.

Mama Steshenari
Jamani, mimi naomba mnisikilize kuhusu mafundi. Laptopu ya dukani ina kadi ya picha, nilipeleka isafishwe. Fundi akaondoa vile vipande laini vya kijivu vilivyokuwa juu ya chipu za kumbukumbu, akapaka pesti badala yake. Pesti inafaa pale chipu na chuma cha kupoozea vinapogusana. Pale kati yake palikuwa na uwazi wa karibu milimita moja, kwa hiyo zile chipu zikabaki bila pa kutolea joto. Nikifungua kazi ya kadi za harusi, inazima. Wiki mbili nakosa wateja! Fundi mwingine akaweka vipande vipya vya unene uleule, ikatulia. Mwambieni fundi wenu mapema: palipokuwa na kipande, kirudi kipande.

Mgeni Jamvini
Mimi niliuziwa SSD ya 1TB kwa bei ya kutupa. Ilipofika kama 60GB mafaili yakaanza kuharibika, picha za mahari ya dada yangu zikapotea. Ijazeni kwa programu ya majaribio kama H2testw kabla ya kuiamini.

Swali: nihamishe Windows ya zamani au niweke mpya?

Mwanzisha mada
Pole sana, ndugu. Mimi nilihamisha kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, SSD ikiwa kwenye kisanduku cha USB. SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani, la sivyo itabidi kwanza upunguze patisheni (sehemu za diski). Kama Windows yako ina virusi au imejaa takataka, weka mpya. Na diski ngumu ya zamani usiifute kwanza, iweke kabatini mwezi mzima.

Mama Steshenari, ile kadi ya picha sasa inafika nyuzi ngapi ukiwa kazini?