Nashukuru mdomoni ila moyoni najiona si kitu, wapendwa nisaidieni

Binti wa Rangi Tatu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hapa saa tisa na nusu usiku, usingizi umekata toka saa nane na hii ni wiki ya pili sasa. Nina miaka 28, naishi Mbagala Rangi Tatu, nafanya kazi kwenye ofisi ya kliaringi huku Posta, kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo inayotoka bandarini. Nimesoma shule ya kata kwetu Lindi nikaja kuchukua diploma hapa Dar. Ofisini wenzangu wengi wamesoma inglishi midiam toka chekechea, Kiingereza kinawatoka kama maji, mimi mpaka nikipange kichwani kwanza ndo nifungue mdomo.

Sasa wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao na wateja wageni, bosi akasema mimi ndo nieleze mzigo wao umekwama wapi mana faili nilikuwa nalo mimi. Nikasimama. Jamani lile faili nalijua lote, tarehe, namba ya kontena, karatasi gani inakosekana, ila nilipofika katikati nikakosea neno moja na kuna mtu akacheka, sio kicheko cha sauti, kile cha puani, mara moja tu. Baada ya hapo sikumbuki nilimalizaje. Nilienda chooni nikafungulia bomba maji yatiririke ili wasisikie nalia.

Kile kicheko mpaka leo nakisikia. Nakisikia kwenye daladala, nakisikia nikiwa naosha vyombo, juzi kwaya nilikuwa niimbe mbele na wenzangu wa sauti ya pili nikaomba nikae nyuma nikasema koo linauma, nikamdanganya mwalimu wa kwaya kanisani kabisa. Nikifungua simu usiku naangalia stetasi za wenzangu niliosoma nao, huyu kavishwa pete, huyu anaweka bati, basi najumlisha yote naona mimi ni wa kuonewa huruma tu.

Mchungaji wangu nilimwambia kidogo, akanijibu vizuri, akasema binti jifunze kushukuru. Na mama yangu mdogo akanipeleka kuona wagonjwa wodini ili nione kuna wenye shida kuliko mimi. Nilienda. Kuna dada umri wangu amelala hawezi hata kugeuka, mama mdogo akaninong'oneza "umeona sasa? shukuru Mungu." Wapendwa nilitoka pale najisikia vibaya kuliko nilivyoingia. Nitashukuruje kwa sababu mwenzangu anaumwa? Na nikirudi nyumbani nikipiga magoti kusema asante Mungu kwa uhai, ndani kuna sauti inasema unajidanganya, huna cha kushukuru. Sasa swali langu, ni imani yangu ndogo au shukrani yenyewe ndo siijui? Naombeni mnisaidie, msinicheke.

Kaka wa Ukonga

Pole sana dada yangu. Hiyo ni roho ya kukataliwa, ikemee kwa jina la Yesu, funga siku tatu na uwe unakiri ushindi kila asubuhi kabla hujaongea na mtu. Utaona.

Mama wa Kimara

Mwanangu, hapa hakuna wa kukucheka. Nimesoma mara mbili na hapo kwenye bomba la chooni nimelazimika kuiweka simu chini kwanza.

Nianze na hilo la wodini mana ndo limenishika. Mwanangu ule moyo uliokataa kushukuru mbele ya kile kitanda haukuwa moyo mbaya, na mama yako mdogo simlaumu, amekupenda kwa namna aliyofundishwa na wengi wetu tumelelewa hivohivo, mtoto hataki ugali unamwambia kuna wenzio wamelala njaa. Lakini fungua Luka 18 usome sala ya yule Farisayo. Tunaikumbuka kama sala ya majivuno ila angalia inavyoanza, "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine". Ni sala ya shukrani ile! Mtu kaenda hekaluni kushukuru kabisa, ila shukrani yake kaipata kwa kumwangalia aliyesimama nyuma yake, na Yesu anasema hakushuka akiwa amehesabiwa haki. Mimi hiyo ilinichukua miaka kuielewa. Usiku unajilinganisha na wenye pete na mabati unaonekana mdogo, mchana unapelekwa kujilinganisha na mgonjwa ili uonekane mkubwa, mzani ni uleule mwanangu, wamebadilisha tu upande wa kuweka mawe. Ndo mana ulitoka umechoka zaidi.

Sasa mimi nikueleze nilivyofundishwa. Mwaka 2017 mume wangu alifariki nikabaki na watoto watatu na genge la mboga, nilikuwa naamka na mawazo saa hizohizo unazoamka wewe. Jumapili moja kulikuwa na watu wa kutoa shukrani, wamepanga foleni mbele, huyu kafaulisha mtoto, huyu kanunua gari, wameshika bahasha zao. Mwisho wa foleni kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu, kashika fungu moja la mchicha limefungwa na ukili. Mzee wa kanisa akampa kipaza sauti. Bibi akasema, "Namshukuru Mungu, usiku wa Alhamisi nililala usingizi." Basi. Akaweka mchicha wake mezani akarudi kukaa. Baada ya ibada kwenye mnada ule mchicha ukapigwa bei mpaka watu wakasimama, ila mimi sikuwa naangalia bei, nilikuwa nawaza ALHAMISI. Hakusema Mungu ananipa usingizi, mana pengine siku nyingine zote hakulala. Alisema Alhamisi.

Nikaenda dukani nikanunua daftari dogo la mistari. Sikuandika uhai wala afya, hayo ni makubwa mno na moyo uliochoka hauyashiki, yanapita kama dua ya kukariri. Niliandika vitu vyenye siku na jina. Jumanne, yule kijana wa kirikuu kanisogezea gunia la viazi bila kumuomba. Ijumaa, mdogo wa mwisho kacheka akiwa usingizini. Siku nyingine nilikuwa naandika kimoja tu na siku nyingine sikuandika kitu, nikalala zangu. Zaburi 103 inasema "wala usizisahau fadhili zake zote", nami naona mwandishi alikuwa anajua tatizo letu sio kwamba hatujapewa, ni kwamba tunasahau. Kicheko kimoja tunakikumbuka wiki mbili, na aliyetupisha kiti kwenye gari jana hatumkumbuki.

Kwahiyo hiyo sauti inayosema huna cha kushukuru usibishane nayo kwa maneno makubwa. Iletee Alhamisi.

Mwalimu wa Chanika

Shikamoo mama, na ubarikiwe, hilo la Farisayo nimelisoma miaka yote sijawahi kuliona hivyo.

Dada mimi ni mwalimu wa sekondari na nimesoma shule ya kata kama wewe, kwahiyo niongee na hicho Kiingereza. Darasa la kwanza hadi la saba umesoma kila kitu kwa Kiswahili, kidato cha kwanza unaingia unakuta hesabu, biolojia, jiografia, vyote vimegeuzwa Kiingereza, na mwalimu wa kukuvusha pengine hamna. Ukatoka hapo, ukafaulu, ukapata diploma, leo unashika faili la kontena la watu. Unaona ni aibu, mimi naona ulivuka mto bila daraja. Halafu hizi shule za kata kabla ya MMES, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, zilikuwa chache sana, watoto wengi wa vijijini waliofaulu walikuwa wanabaki nyumbani kwa sababu nafasi hakuna. Mimi hilo nimeliandika kwenye shukrani zangu kabisa, kwamba shule yangu ilianza na madarasa mawili na wazazi wetu ndo walibeba mawe ya msingi, baba yangu akiwemo.

Alafu Musa. Kutoka sura ya 4 anamwambia Mungu mimi si msemaji, ulimi wangu ni mzito. Kinachonigusa ni kwamba Mungu hakumjibu "hapana Musa unaongea vizuri sana, jiamini". Angekuwa mmoja wetu huku mtandaoni angeambiwa hivyo. Mungu alimuuliza ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu, akamwambia nenda nitakuwa pamoja na kinywa chako, na Musa alipozidi kukataa akampa Haruni ndugu yake amsemee. Maana yake ulimi ulibaki mzito na safari ikaendelea! Naomba nikuulize, hapo ofisini hakuna Haruni? Hakuna hata mmoja ambaye unaweza kumwambia kabla ya kikao naomba nikusomee hii unirekebishe? Mana umetuambia aliyecheka ni mmoja. Mezani mlikuwa wangapi?

Nesi wa Temeke

Dada naomba niongeze la upande wangu na nitaongea kama dada yako mkubwa. Kukosa usingizi wiki mbili mfululizo, kulia, kujiona hufai, hivyo vitu hospitali tunavishughulikia na sio kwamba imani yako imepungua. Kaka wa Ukonga sikupingi kuhusu maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, ila la kufunga siku tatu mtu ambaye hajalala wiki mbili mimi nasema hapana, ngoja kwanza apate nguvu.

Mwangalieni Eliya kwenye 1 Wafalme 19. Kakaa chini ya mretemu anaomba afe, na sababu mojawapo anayoitoa ni "mimi si mwema kuliko baba zangu", yani hata Eliya alikuwa anajilinganisha. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate juu ya makaa na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Chakula na usingizi mara mbili, ndipo safari ya mlimani na ile sauti ndogo ya utulivu.

Kwahiyo fanya hivi, simu isilale na wewe kitandani, iache hata kwenye meza ya sufuria. Hizo stetasi saa nane usiku zinakumaliza. Usingizi usiporudi nenda hospitali ya rufaa ya Temeke hapo karibu na wewe, ueleze kama ulivyotueleza sisi bila kuficha, wakiona unahitaji zaidi watakupa rufaa ya Muhimbili. Na yakikujia mawazo ya kutaka kujidhuru usisubiri asubuhi wala usisubiri Jumapili, mwamshe mtu hapohapo nyumbani mwende.

Kaka wa Ukonga

Nesi nimekuelewa, na dada unisamehe, nilijibu haraka. Nitakuombea bila kukwambia ufunge.

Binti wa Rangi Tatu

Wapendwa nimerudi, leo ni siku ya kumi na moja. Nisameheni kukaa kimya, nilikuwa nasoma majibu yenu kila siku nikiwa kwenye daladala ila nilishindwa kuandika.

Mwalimu, uliuliza mezani tulikuwa wangapi. Tulikuwa tisa. Nilikaa nikawahesabu mmoja mmoja kwa majina na nikajikuta nakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, kwamba yule mteja mwanamke nilipokosea lile neno alitikisa kichwa kunionesha kanielewa, na kikao kilipoisha aliniomba namba ya faili akaandika kwenye kitabu chake. Hiyo ilikuwepo siku zote hizo. Wiki nzima na zaidi nilikuwa na kicheko tu.

Mama wa Kimara, shikamoo mama. Daftari nimenunua, shilingi mia tano pale Rangi Tatu stendi. Siku ya kwanza nilishika kalamu nusu saa sikupata kitu nikataka kuandika uhai, nikakumbuka umesema ni kubwa mno, nikaandika "kondakta kanirudishia chenji yangu mia mbili niliyokuwa nimeshaisahau". Nikajisikia kama mtoto. Ila nilipoenda kusali nikakuta nina kitu cha kumwambia Mungu ambacho ni cha kweli, sijui kama mnanielewa, ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusema asante na ile sauti ikakosa la kujibu, mana mia mbili ninayo hapa.

Na wodini nilirudi Jumamosi. Peke yangu safari hii. Nilimpelekea yule dada uji wa ulezi kwenye chupa, nikamwambia jina langu nikamuuliza lake, tukaongea kuhusu Lindi mana na yeye mama yake ni wa huko. Sikushukuru kwa ajili ya ugonjwa wake. Kwenye daftari nimeandika jina lake.

Usingizi bado jamani, nimepata siku nne kati ya hizo kumi na moja, Temeke nimeenda na nimepangiwa kurudi wiki ijayo, nesi asante sana kwa kunisukuma. Simu sasa inalala jikoni. Kwaya bado nimekaa nyuma, hilo sijaliweza.

Haruni nimempata pia, ni kaka mmoja wa uhasibu, mkimya sana, nilipomuomba anisikilize alifunga mlango akasema soma, ukikosea nakwambia ukimaliza. Nilikosea matatu. Kesho saa nne asubuhi kuna kikao kingine na faili ni langu tena. Niombeeni.

Mwalimu wa Chanika

Saa nne nina kipindi na kidato cha pili. Nitaingia dakika moja nimechelewa, hiyo dakika ni yako.

Mama wa Kimara

Marahaba mwanangu. Saa nne nitakuwa gengeni, nitakuombea hapohapo nikiwa nafunga mchicha. Ukitoka kwenye kikao usianze kuhesabu uliyokosea, andika kwanza nani alikuwepo na kafanya nini, hata kama ni kukusogezea glasi ya maji, halafu uje utuambie ilikuwaje.